Kadi Iliyo Chini ya Godoro

*Shangazi,*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nakaa Mkunazini, ghorofa ya pili ya nyumba ya wakfu, pamoja na mama yangu mwenye miaka 78 na wanangu wawili wanaosoma skuli. Mume wangu alitutoka miaka minne iliyopita. Tangu hapo mimi si mimi. Usiku silali, alfajiri moyo unanienda mbio kama niliyefukuzwa, na mchana mwili unakuwa mzito hata kuinuka kuosha vyombo ni kazi. Mwaka jana nilipelekwa kliniki ya afya ya akili. Daktari akaniambia nina sonona na wasiwasi uliopita kiasi, akaniandikia kidonge cha usiku na tarehe ya kurudi. Nikarudi mara tatu, nikaona nafuu. Mara ya nne nikapitiwa na usingizi, kuamka ni saa nne. Nikaona haya. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho sikwenda. Sasa ni miezi mitano, vidonge vilikwisha zamani, na kadi ya kliniki nimeitia chini ya godoro nisiione.*

*Haikuishia hapo. Mama anapata pensheni jamii, na kwa kuwa miguu haimbebi, mimi ndiye niliyeandikishwa kumpokelea. Siku moja ya malipo nilisimama kwenye foleni, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata, nikaona kila mtu ananitazama mimi. Nikatoka. Nikamwambia mama pesa hazijaja. Mara iliyofuata sikwenda kabisa, nikamwambia vile vile. Mama hasemi kitu lakini anajua, maana jirani yetu wa chini naye anapokea. Tena sisi tumo kwenye mpango wa TASAF, na nina hofu tutafutwa. Simu ikilia namba nisiyoijua, naizima.*

*Kaka yangu yuko Muscat. Anatuma anachojaaliwa, na pamoja nacho sauti za dakika saba za kunigombeza. Anasema sina ugonjwa, nimekuwa mvivu na sala nimezilegeza. Yule jirani wa chini anasema nina shetani, nikapungwe. Sijui nani mkweli. Kuna usiku natamani nilale nisiamke, kisha nawaangalia wanangu nasema astaghfirullah. Naanzia wapi?*

*Mwenye kadi chini ya godoro, Mkunazini*

Mwanangu,

Naanza na mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo niliposimama nikaiweka chini. Hilo la kutamani usiamke, wengi wenye sonona wamelipitia, na kulitaja si kufuru wala si aibu. Ila lisibaki baina yako na mimi. Mtafute mtu mmoja wa karibu umwambie wiki hii, kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Na usiku wowote mawazo hayo yakianza kuwa na njia ndani yake, ukaanza kufikiri utafanya nini na kwa kitu gani, usingoje asubuhi wala tarehe ya kliniki. Mwamshe mtu akufuatane mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja usiku ule ule. Kutoka kwako ni mwendo wa miguu. Dawa za mama, kama anazo, mpe mtu mwengine azitunze kwa sasa.

Sasa tuje kwenye kadi.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikawa nahesabu. Siku uliyopitiwa na usingizi ni moja. Miezi mitano yote iliyobaki imezaliwa na siku ya pili yake, ile uliyosema utakwenda kesho. Foleni ni hivyo hivyo: ulishindwa mara moja, mara iliyofuata hukushindwa, hukwenda. Maradhi yako yamekunyima siku mbili, mwanangu. Haya imekunyima zilizobaki. Na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu maradhi yana daktari, na haya dawa yake ni kitu kidogo mno ambacho hakuna anayetufundisha tukiwa wadogo: kwenda ukiwa umechelewa.

Sisi wa Unguja tunafundishwa adabu ya kuwahi. Mgeni asichelewe, mwari asichelewe, mtu asiingie msikitini akapita mbele ya waliokwisha funga sala. Adabu nzuri. Lakini dirishani kwa muuguzi si kwenye harusi. Kliniki ya sonona ikimshangaa mgonjwa kwa kukosa tarehe ni sawa na kliniki ya macho kumshangaa mgonjwa kwa kujigonga mlangoni. Kukosa tarehe ni sehemu ya ugonjwa uliokupeleka pale. Nenda siku ya kliniki yoyote ile, usingoje upate sababu nzuri, na useme sentensi moja: “Nilikuwa mgonjwa, tarehe ikanipita, nimekuja.” Basi. Usihadithie, usiombe radhi mara tano, usizue msiba wa mjomba. Kadri unavyoeleza ndivyo moyo unavyozidi kwenda mbio. Akikugombeza, mwache agombeze, wewe toa kadi. Kugombezwa ni dakika mbili, na wewe umeshajigombeza miezi mitano.

Najua ninachokisema. Mwaka niliofiwa nilikaa na barua ya ofisi moja ndani ya birika la kaure tulilokuwa hatulitumii, juu ya kabati, kuanzia mfunguo mosi mpaka mfunguo sita. Kila nikifuta vumbi nalizunguka lile birika kama lina nyoka. Siku nilipoitoa barua, usidhani ilikuwa habari njema. Ilikuwa mbaya, nadaiwa, na kuchelewa kwangu kulikuwa kumeongeza deni. Lakini lilikuwa deni lenye namba. Nililala usingizi usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nilipolifunika lile birika.

Wala si sisi tu. Ndugu zetu waliohamia Uingereza, wenye sonona na wasiwasi kama wako, wanaweza kuomba malipo ya serikali kwa ajili ya maradhi yao. Fomu ni ndefu, kisha kuna mahojiano, mtu aeleze kwa nini hawezi kupika, kwa nini hawezi kupanda basi peke yake. Majibu yanakuja kwa posta katika bahasha ya kaki. Ukikaa nao watakwambia ile sauti ya bahasha kuangukia ndani ya mlango inavyowashika tumboni, na wengine wanazirundika bila ya kuzifungua. Nchi ina kila kitu, na bado kadi iko chini ya godoro.

Kwetu hapa, anayelipwa ni mama yako, na analipwa kwa umri wake. Hili lishike vizuri, maana naona unakwenda kwenye kituo cha malipo kama unakwenda kuomba. Pensheni jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au alichuma karafuu na kusuka ukili maisha yake yote. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Inatoka kwenye mfuko wa Serikali ya Mapinduzi yenyewe, na Afrika Mashariki sisi ndio tuliotangulia kuwalipa wazee wote hivyo. Kenya walianza kuwalipa wao wenye miaka 70 mwaka 2018. Mama yako haombi. Na wewe humuombei, unamchukulia chake.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa sheha kuuliza malipo, kabla ya kliniki, kuna maneno ya kusema nyumbani. Mwambie mama: “Pesa zilikuja mara mbili, nilishindwa kuzichukua.” Umeandika mwenyewe kuwa anajua. Basi hapo hufichui siri, unampa ruhusa aache kujifanya hajui. Mzee wa miaka 78 aliyekulea hapo Mkunazini ameshaona makubwa kuliko foleni. Na tangu siku hiyo, pesa yake iwe na daftari lake. La skuli linatosha: tarehe, kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nalisema hili kwa sababu wasiwasi hupenda kuingilia kwenye pesa za mtu mwengine. Usipoandika, usiku utaanza kujituhumu umemla mama yako, na hata kama hukula senti moja hutakuwa na ushahidi wa kujitetea mbele ya nafsi yako.

Sheha mwendee wakati hana watu. Baada ya alasiri ni bora kuliko asubuhi. Muulize jina la mama lipo, muulize yale malipo mawili yaliyopita yanachukuliwaje, muulize utaratibu wa kumwandikisha mtu mwengine ampokelee kwa siku ambazo huwezi. Yaandike maswali hayo kwenye karatasi na uyasome, hata ukimpa karatasi aisome mwenyewe si kitu. Huna haja ya kumwambia sheha unaumwa na nini. “Afya yangu haijakaa sawa” ni Kiswahili kamili.

Na huyo mtu mwengine unaye. Nimecheka kidogo, Mungu anisamehe, nilipoona jirani wa pensheni na jirani wa shetani ni mmoja. Huyo anakwenda kituo kile kile siku ile ile. Huyo anasikia mapema sheha anapotangaza malipo. Na mtu anayejisumbua kukwambia ukapungwe, hata akikosea dawa, amekutazama akaona huko sawa. Wangapi wameona wakapita? Mgongee mwambie: “Bibi, siku ya malipo tufuatane.” Shetani mtamzungumza njiani.

Foleni yenyewe tuiseme vizuri, kwa sababu pale ndipo palipokuangusha. Kile kilichokupata, ganzi na pumzi kukata na moyo kupiga kama ngoma ya msewe, ni hofu iliyopanda ghafla. Inapanda, inafika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi hazizidi kumi, halafu inashuka yenyewe. Haiui. Tatizo ni kwamba ukitoka kabla haijashuka, mwili unajifunza kuwa kutoka ndiko kulikokuokoa, na mara nyengine utakutoa mapema zaidi. Ukibaki mpaka ishuke, hata ikiwa umekaa chini na khanga usoni, mwili unajifunza jambo jengine.

Namna ya kubaki: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Ingiza kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au saba, polepole, kama unayepuliza kijiko cha uji wa mgonjwa. Tasbihi mkononi inasaidia, chembe moja kwa kila pumzi. Na macho uyape kazi. Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya shaba kwenye mlango. Mji Mkongwe umejaa milango ya kuhesabu, huko kote tumezungukwa na dawa ya bure na tunawaachia watalii waipige picha. Hesabu safu ya juu, kisha ya pili, ukipotea anza tena. Pasipo mlango, hesabu kandambili za waliotangulia: za bluu ngapi, za kijani ngapi. Ni mchezo wa kitoto, nakubali. Lakini akili inayohesabu kandambili haina nafasi ya kuhesabu wanaokutazama, ambao kwa kweli wengi wao wanatazama kama watafika mbele kabla ya adhuhuri.

TASAF nitaipitia haraka. Umejaza hofu mahali ambapo pengine hapana sababu. Masharti ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa kaya yenye watoto yanahusu watoto: mdogo wa chini ya miaka mitano apelekwe kliniki, anayesoma ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Wanao wanakwenda skuli? Basi sharti linatimizwa kila asubuhi wanapovaa viatu. Hakuna sharti la mama kuwa na furaha. Kazi yako ni simu isibaki bila ya kujibiwa. Na kwa hiyo simu, fanya hivi: namba usiyoijua usiizime, iache ilie, kisha mwambie mtoto mkubwa au jirani apige yeye aulize ni nani. Kuipokea mwenyewe kutakuja baadaye.

Kidonge sasa. Umesema mara ya nne ulipitiwa na usingizi, na hukuunganisha mambo mawili. Dawa nyingi za sonona zinazotolewa usiku, amitriptilini ikiwa mojawapo, zinaleta usingizi mzito, na ukiimeza saa sita za usiku baada ya kukesha, saa mbili asubuhi bado imo kichwani. Huo si uvivu. Mwambie daktari: kidonge kinanilaza mpaka saa nne. Pengine atakwambia ukimeze mapema, baada ya isha, pengine atapunguza au atabadilisha. Usianze tena vidonge vya zamani kwa kukisia kiasi, muone kwanza. Ukianza upya, jua kuwa wiki mbili za mwanzo, na zaidi, unaweza usihisi lolote ila mdomo kukauka. Wengi wanaacha hapo. Ramadhani ikija, mpangie naye saa za dawa baina ya futari na daku mapema, usijipangie mwenyewe.

Kama kliniki uliyopelekwa ni ya Kidongo Chekundu, najua jina hilo lina uzito gani kwenye baraza zetu. Bara wana Mirembe yao, Nairobi wana Mathari, sisi tuna Kidongo, na kote watu wamegeuza jina la hospitali kuwa tusi. Ukiona vibaya kuonekana ukiingia, sikulaumu kwa hilo. Lakini fikiri na hili: anayekuona pale naye yupo pale. Wasomaji wangu wa shamba wasifikiri ni lazima waje mjini, Kivunge na Makunduchi nako kuna huduma ya afya ya akili.

Kusomewa na kombe. Sitakukataza kuandikiwa aya kwa zafarani ukanywa. Nimekunywa mimi, na mama yangu, na bibi yangu. Kusoma Qur'ani kunatuliza kifua, aliyewahi kusomewa anajua. Ninachokukataza ni wale watakaokwambia uache kidonge ndiyo kombe lifanye kazi, na wale watakaotaka pensheni ya mama yako kwa ajili ya ubani na kuku wa ngoma. Shehe mwenye elimu hatakwambia uache dawa. Mtume alituambia tujitibu.

Kuna jambo moja dogo la chumbani kwako. Tafuta mkoba, ule wa ukili unafaa, uutundike kwenye msumari karibu na mlango. Humo kiingie kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi na cha mama, kadi ya kliniki, kadi ya TASAF, daftari la pensheni, nauli ya kwenda na kurudi na tasbihi. Visitoke ila kwa kazi. Asubuhi mbaya, kilichokushinda mara nyingi si safari, ni kutafuta kitambulisho huku moyo unapiga. Na ukutani bandika karatasi moja yenye tarehe zote, ya kliniki kwa wino mwekundu. Nakala mpe jirani wa chini. Siku mbili zikigongana, pensheni na kliniki, chagua kliniki, pensheni ichukuliwe na yule mtakayemwandikisha. Najua wengi watasema pesa kwanza. Mimi nasema mchukua pesa kwanza.

Kwa kaka yako aliye Muscat, kama gazeti hili litamfikia, na huwa linafika: bwana, wewe unatuma riyali kwa jasho lako na sote tunakushukuru. Dada yako anajua sala zina nyakati ngapi, hakuhitaji kukumbushwa kutoka ng'ambo ya bahari. Ukituma sauti, iwe ya dakika moja, mwanzoni umuulize amelala vipi. Dakika sita zilizobaki mpigie jirani wa chini, umuombe amfuate dada yako siku ya kliniki, na umtumie huyo bibi kitu cha chai.

Na wewe mwanangu, sikwambii uende kliniki leo. Leo Jumapili, kliniki nyingi zimefungwa. Nyanyua godoro kabla ya magharibi, toa kadi, ipanguse, uitie kwenye mkoba. Kama mkoba huna, iweke juu ya meza anapokulia mama, aione.

Shangazi